Risasi haichanji mbwa

Wanaotaka Jiji la Mwanza liwamalize mbwa wanaozurura kwa risasi na sumu wanamwadhibu asiye na kosa. Mbwa wengi wanaorandaranda nchini wana wenyewe. Ukiwaua leo, kesho nafasi yao inazibwa na vitoto visivyochanjwa. Kichaa cha mbwa hudhibitiwa kwa kuchanja takriban asilimia 70 ya mbwa, na vijiji vinavyoizunguka Serengeti, hapo jirani tu mkoani Mara, vimeshuhudia chanjo ikikipunguza. Watasema mvuvi wa Igombe hana fedha za chanjo. Kweli, basi chanjo iwe bure. Lakini kumwachia mbwa barabarani usiku kucha hakutokani na umaskini. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 imeshambebesha mfugaji wajibu wa kumtunza mnyama wake. Maafisa mifugo wa kata waanzie mlangoni kwake.