Kutafuta nyumba kunachosha, lakini usilipe kwa sababu umechoka

Kuna wateja wetu wengi wanaoweka akiba kwa simu wakiwa na lengo moja: siku moja waache kulipa kodi. Lakini ukizunguka Jumamosi baada ya Jumamosi, leo Ruiru, wiki ijayo Kitengela, roho inachoka. Nyumba uliyoipenda imepita bajeti. Ile ya bei nafuu haina maji, ama karatasi zake hazieleweki. Na huko kwa chama mwenzako anawaonyesha picha za msingi wa nyumba yake.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo hatari ilipo. Siku ya kwanza mtu huuliza kila kitu. Shida ni ile siku umechoka na unataka tu mambo yaishe. Broka anakwambia, “Kuna mtu mwingine anakuja saa nane, tuma kitu kidogo tukushikie.” Nawe unatuma.

Sisi ni kampuni ya malipo, na kazi yetu ni kufikisha pesa haraka. Hata hivyo tunasema wazi: usitumie haraka hiyo kununua nyumba. Pesa ya simu hufika kwa sekunde chache, na mpokeaji akishaitoa, kuirudisha ni kibarua. Lakini hatimiliki haiji kwa sekunde.

Kabla ya kutuma hata shilingi, omba nakala ya hatimiliki ufanye upekuzi rasmi, kupitia Ardhisasa au ofisi ya ardhi ya eneo hilo. Utajua mwenye mali ni nani, na kama kuna mkopo wa benki au zuio juu yake. Kama muuzaji ana mke au mume, uliza kama amekubali. Kama ni shamba la kilimo, kuna idhini ya bodi ya ardhi. Dipoziti, ambayo mara nyingi ni asilimia 10, hulipwa mkisaini mkataba, mkiwa na wakili. Haitumwi kwa namba ya mtu uliyekutana naye kwa geti. Na muuzaji akikataa upekuzi, hajakunyima nyumba, amekuonyesha mapema kwamba uende zako.

Sasa, utafanyaje usikate tamaa? Tunaona mambo matatu yanasaidia.

Kwanza, pumzika bila kuacha. Si lazima kila wikendi uwe barabarani. Chagua Jumamosi moja au mbili kwa mwezi, zingine kaa na watoto.

Pili, kila nyumba uliyoiacha, andika sababu: barabara, maji, bei, karatasi. Ukifika ya kumi utakuwa unauliza maswali ambayo hukuyajua ulipoanza. Huo muda haukupotea.

Tatu, acha akiba iendelee hata wakati hakuna nyumba mbele yako. Chukua nyumba ya Sh3,000,000 mjini. Ushuru wa stempu ni asilimia 4, yaani Sh120,000, na wengi huukumbuka wakati wameshamaliza pesa. Ukiweka Sh200 kila siku, mwaka mmoja unakupa Sh73,000. Hiyo ni zaidi ya nusu ya ushuru huo, umeipata ukiwa bado unatafuta. Iweke mahali ambapo si rahisi kuitoa, ili simu ya broka isiikute mkononi.

Tunajua kodi haingoji, na kila mwezi unaopita unauma. Lakini mwezi mmoja zaidi wa kodi unajulikana bei yake. Ploti isiyo na mwenyewe halali inaweza kumaliza akiba ya miaka yote. Basi ukisikia “tuma sasa hivi,” weka simu chini, ulale nayo usiku mmoja. Kama nyumba ni ya kweli, upekuzi hautaiharibu.