HELA YA HIJA: RIYALI ZA AHADI AU KADI YAKO MWENYEWE?



Ndugu zangu katika imani, na hasa ninyi wa huku kwetu Mwamapalala, Itilima na Bariadi mnaouza pamba na dengu mkijiwekea nia ya Hija au Umra. Leo nazungumzia hela ya njiani.

Kuna mtindo umezoeleka. Mzee anamkabidhi mtu shilingi zake hapa nyumbani, wanapatana bei ya riyali leo leo, kisha anaambiwa: "Utazipokea Makka." Hakuna karatasi wala shahidi. Akiuliza anajibiwa kwamba Waislamu ni kuaminiana.

Msimamo wangu ni kwamba tuuache mtindo huu. Si kwa kuogopa kudhulumiwa tu, bali kwa dini yenyewe. Katika hadithi ya Ubada bin Samit iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) ameruhusu aina tofauti zibadilishwe kwa kiasi mnachokubaliana, ila kwa sharti la mkono kwa mkono. Wanazuoni wa zama zetu wamezipa noti hukumu hiyo hiyo ya dhahabu na fedha. Ukitoa shilingi leo kwa bei iliyokwisha kukatwa, ukapokea riyali baada ya wiki mbili, umeingia katika riba ya kuchelewesha. Jamani, unakwenda kuomba msamaha Arafa ukiwa na riyali za namna hiyo kiunoni?

Wengine wanasema kadi ya benki ndiyo yenye riba. Hapana, tutofautishe. Kadi inayotoa hela yako uliyoiweka mwenyewe si mkopo. Kadi ya mkopo, yenye nyongeza ukichelewa kulipa, hiyo iache. Na kama akaunti yenye faida inakutia shaka, Amana Bank ipo tangu 2011, na benki nyingine, kama CRDB kwa Al Barakah, zina huduma zisizo na riba. Taasisi ya Fiqhi ya Kimataifa ya Jeddah iliamua mwaka 1990 kwamba kuingiziwa hela kwenye akaunti kunahesabiwa kuwa ni kupokea. Mashine inapokupa riyali, na akaunti yako inakatwa. Makato yake ni ujira wa huduma.

Sasa fanyeni hivi:

1. Kabla ya safari nenda benki, uliza kama kadi yako inafanya kazi nje ya nchi na kwa siku inatoa kiasi gani. Huduma hiyo ifunguliwe ukiwa bado hapa. Usitegemee kumkuta wakala wa simu Makka.

2. ATM ya kule ikikuuliza ukatwe kwa shilingi au kwa riyali, chagua riyali. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayekupangia bei, na mara nyingi ni ghali.

3. Toa mara chache kwa kiasi cha kutosha, maana kila ukitoa kuna makato.

4. Beba na riyali taslimu kidogo, ulizonunua kwenye duka la fedha lenye leseni, ukahesabu na kuzipokea pale pale. Kadi na hela zisikae mfuko mmoja.

5. Namba ya siri usiiandike kwenye kadi. Mama asiyejua kusoma asimpe kila anayejitolea kumsaidia. Aende na mahram wake au mtu mmoja anayemwamini.

Kuna watakaosema hii ni kukosa tawakkul. Ibn Abbas ameeleza kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu, wakisema wao wanamtegemea Allah, na wakifika wanaombaomba. Ndipo ikashuka amri ya kuchukua masurufu, katika Suratul Baqara, aya ya 197.

Na wewe kijana unayesoma hapa, baba yako hayumo mtandaoni. Mpeleke benki Bariadi kabla hajamkabidhi mtu jasho lake la misimu mingi.

Allah azikubali safari zenu na azihifadhi mali zenu. Amin.

Wabillahi tawfiq.