TAARIFA YA TAWI: MAGOFU YAPO KILWA, MGAO WA KILWA UKO WAPI?



Yapo maneno yanazunguka kwenye makundi ya simu kwamba watu wa Kilwa hatutaki utalii, tumezoea baraza na kahawa, mwekezaji akija tunamtilia fitina. Tawi linajibu. Tunaomba ujumbe huu usomewe hata wasio na simu kubwa.

Hakuna mtu wa hapa anayemkataa mgeni. Ibn Battuta alipokelewa Kilwa mwaka 1331 akausifu mji, na hapakuwa na wizara wala kibali. Vijana wanaovusha watu kwa mashua kutoka Masoko wanamsubiri mgeni kuliko huyo anayetutukana akiwa amekaa Dar es Salaam. Tunachokataa ni kuambiwa tushangilie hesabu tusiyooneshwa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, mwaka 2014 yakatolewa. Mafundi na vibarua wa hapa walikuwa sehemu ya kazi iliyoyatoa. Leo yako chini ya TAWA, mamlaka ya serikali kuu. Mgeni analipa kibali, anavuka. Akija na meli kubwa ya kitalii, analala melini, anakula melini, anashushwa kwa boti za meli yenyewe, anatembezwa saa chache, anaondoka. Picha zinapigwa, viongozi wanapanga mstari gatini, magazeti yanaandika Kilwa imefunguka. Mwenye mashua wa Masoko kapata nini siku hiyo? Na mama wa Kisiwani anayesuka mikeka atauza mingapi kwa mtu anayeitwa arudi botini?

Tutaambiwa fedha zinarudi kwa njia ya barabara na zahanati. Sawa, tuonesheni. Kijiji cha Kikole, humu humu wilayani, kinauza mpingo wa msitu wake na fedha inabaki kijijini, kwa sababu Sheria ya Misitu ya 2002 inakitambua kijiji kuwa mwenye msitu. Kule Liwale, vijiji vya Jumuiya ya Magingo vina mgao kwa ajili ya wanyamapori. Basi kijiji kinachotunza tembo kina haki, kinachoishi ndani ya mawe ya Urithi wa Dunia kisubiri hisani?

*Tunataka asilimia iliyoandikwa kwenye kanuni.* Msitubeze kwa hilo. Gesi ya Songosongo imetufunza: tangu 2004 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba, na tunapodai ushuru wa huduma tunaweza kusimama kwa sababu asilimia yake imo kwenye sheria. Kisichoandikwa hakidaiki. Ukikidai unaitwa mchochezi.

Kuhusu fukwe. Aliyefika Kiwengwa, Unguja, ameona hoteli zilivyojipanga, mvuvi akitafuta uchochoro wa kufikia chombo chake. Huku kwetu bado tuna nafasi, lakini ardhi ya pwani inaulizwa bei kila leo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni nyinyi, si mwenyekiti na mtendaji wake ofisini.

Kwa hiyo tahadhari moja, na tunaisema kwa uzito: *usisaini karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa cha habari, tarehe na ajenda.* Mtu anasaini kwamba amehudhuria kikao cha maji, kesho jina lake linasomwa miongoni mwa waliokubali kutoa eneo. Akishatoa, hati ikatoka, hata mwanasheria mzuri atahangaika.

Wapo wenzetu wanaosema tatizo kubwa ni mavazi ya wageni. Lina mahali pake, na wazee wa msikiti wanaliweza. Kanga mbili pale wanaposhukia zinalimaliza. Hati ya ardhi haimalizwi kwa kanga.

Na tusijifiche: diwani wa chama chetu naye aulizwe. Kama hajawahi kusimama kwenye baraza la madiwani kuuliza ada za magofu zimekusanywa kiasi gani na zimekwenda wapi, mwambieni tawi linalisubiri swali hilo.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila baada ya miezi mitatu. Mabalozi wote walete kwa katibu, kabla ya Ijumaa, majina ya vijiji na vitongoji ambavyo havijasomewa mapato na matumizi, na maeneo ya ufukweni yaliyowekwa bikoni bila wananchi kuitwa. Andika eneo na tarehe uliyoiona bikoni. Usiandike jina la mtu kwa kusikia tu.

Imetolewa na Kamati ya Tawi,
Kilwa Masoko.