MALEZI YA WATOTO: Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi



Kila mwaka zikaribiapo siku za kuandikisha watoto shuleni, wengi wenu hufika katika ofisi ya parokia kuomba cheti cha ubatizo. Nami nikiwa natafuta jina kitabuni, mara nyingi husikia maneno haya: «Huyu kichwa chake kigumu, si kama dada yake.» Na mtoto mwenyewe amesimama pale pale, anasikia yote. Maneno hayo huenda nayo darasani pamoja na daftari lake. Basi leo tuyatazame.

Chukua hesabu moja ya watoto wadogo: 52 kutoa 28. Wengi huandika 36. Msidhani wameandika ovyo. Wameona 8 haitoki katika 2, wakageuza, wakatoa 2 katika 8 wakapata 6. Kisha wakatoa 2 katika 5 wakapata 3. Kosa hili lina njia yake. Mwalimu akitia alama ya kosa na kupita, mtoto hajui alipopotea. Akikosa hivyo siku baada ya siku, husema moyoni, «Hesabu si zangu,» akaacha kujaribu. Mtoto wa namna hiyo ameiacha shule ingawa bado anakwenda kila asubuhi.

Mwalimu mwenye busara humwambia, «Nionyeshe ulivyofanya.» Kisha humpa vijiti 52: mafungu matano ya kumi kumi, na viwili vya pekee. Mtoto afungue fungu moja, apate vijiti 12. Atoe 8, vibaki 4. Katika mafungu manne yaliyosalia atoe mawili, yabaki mawili. Jibu ni 24. Lakini vijiti avishike mtoto. Mwalimu akimfanyia, mtoto hujifunza kwamba mwalimu anajua. Akimwongoza tu, hujifunza kwamba yeye mwenyewe anaweza. Hata nyumbani yafaa kufanya hivyo, na vijiti havinunuliwi.

Jambo la pili ni kungoja. Katika miaka ya 1970 mwalimu mmoja wa elimu huko Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza madarasa mengi, akaona kwamba walimu wakiuliza swali hungoja kama sekunde moja tu, kisha humwita mwingine au hujibu wenyewe. Walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, watoto walitoa majibu marefu zaidi, na wale waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Sisi nasi tukimwuliza mtoto, tumwache afikiri. Na wenzake wasimcheke, maana aliyechekwa leo kesho hainui mkono.

Jambo la tatu ni kusifu. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walieleza majaribio yao. Watoto walipewa mafumbo, wakafaulu. Wengine wakasifiwa kwa akili zao, wengine kwa bidii yao. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Walipopewa tena yaliyo rahisi kama yale ya kwanza, waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mwanzo, na waliosifiwa bidii walifanya vizuri zaidi. Sababu yake si ngumu kuiona: aliyeambiwa ana akili, akishindwa huona akili zimekwisha, aliyeambiwa amejitahidi, akishindwa hujua la kufanya.

Hata hivyo tusiweke kila mzigo juu ya moyo wa mtoto. Mwenye njaa hawezi kuvumilia hesabu hadi saa nane. Anayekaza macho mbele ya ubao huenda haoni vizuri, na afaa kupelekwa zahanati, si kutukanwa. Na msichana anayeteka maji mpaka usiku atasoma saa ngapi? Kumhimiza mtoto avumilie, nasi hatumpi nafasi, si haki.

Basi wazazi, juma hili mfungue daftari la mtoto pamoja naye. Msihesabu alama za makosa. Chagueni kosa moja tu, mmwambie, «Hebu nionyeshe ulivyofanya,» kisha mnyamaze mngoje. Hata asiyejua kusoma aweza kuuliza hivyo. Akipata, mwambieni kwamba amejitahidi, asipopata, mwambieni, «Bado hujapata, kesho tutajaribu tena.» Papo kwa papo kamba hukata jiwe.