Mashua ya Ngozi na Nahodha Wake

Barazani petu, baada ya sala ya alasiri, ulizuka mjadala juu ya watu wanaolipa fedha nyingi kwenda Greenland ya mashariki, wakavute makafi baina ya mapande ya barafu, watembee siku nzima na mizigo mgongoni, kisha wapande milima isiyo na mti hata mmoja. Mzee wetu mmoja alikata shauri pale pale: huo ni wazimu, na mja hakuumbwa ajitupe maangamizini kwa mikono yake. Wengine wakaitikia. Mimi, kwa heshima zote, siafikiani naye.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe. Kayaki hawakuibuni Wazungu. Ni chombo cha Wainuit, wenyeji wa nchi zile, nao hukiita qajaq. Kwao hapana misitu, basi mbavu zake walizitengeneza kwa miti iliyoletwa na mikondo ya bahari, mingi ikitoka Siberia. Miti ikafungwa kwa kamba, ikavikwa ngozi za sili zilizoshonwa na wanawake. Kila kimoja kilipimwa kwa mwili wa mwenyewe, kama kanzu kwa fundi. Msomaji wa Lamu hatakosa kuukumbuka mtepe wetu, ulioshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari.

Na ajabu kubwa ni hii: kayaki ilipopinduka, mwindaji hakutoka. Alijizungusha chini ya maji kwa kafi lake akaibuka upande wa pili, amekaa vile vile. Hakuwa na hiari, kwani maji yale yakaribia kuganda, na aliyeachana na chombo chake hakuwa na muda wa kuishi.

Mwingereza Gino Watkins alijifunza ufundi huo kwa wenyeji hao, akaumudu barabara. Mwezi wa Agosti 1932, akiwa na umri wa miaka 25, alitoka peke yake kuwinda sili. Kayaki yake ilikutwa ikielea, yeye hayumo, na maiti yake haikupatikana. Ujuzi alikuwa nao. Mwenzi hakuwa naye.

Ndiyo maana siiti wazimu safari yenye kiongozi. Huko Tasiilaq, mnamo Julai na Agosti, kiongozi mwema huwakataza wageni wasilikaribie jabali la barafu, kwa kuwa sehemu yake kubwa imezama na laweza kupinduka ghafula. Juu ya mito ya barafu huwafunga kamba moja, ili mmoja akitumbukia ufani wenziwe wamzuie. Usiku wakilala mahemani, aghlabu hukesha kwa zamu, bunduki i karibu, kwa ajili ya dubu weupe. (Nami naongeza: Muislamu akenda huko ajue kuwa katikati ya kiangazi jua huzama kitambo kidogo tu, na usiku haupati giza. Ya sala ya isha awaulize wanavyuoni kabla hajafunga mzigo. Wao wanayo njia ya kukadiria.)

Ugomvi wangu ni mwingine: nani akae tezi? Mgeni akiongozwa na mgeni mwenziwe, ndani ya kayaki ya plastiki, akarudi kwao bila ya kujua ni nani waliokibuni chombo kile, basi ameona barafu tu. Mashine za boti zilipoenea, kayaki ya ngozi ilikaribia kutoweka sehemu nyingi za Greenland. Katika miaka ya 1980 vijana wakawaendea wazee, wakajifunza kuunda na kujizungusha, wakaanzisha chama chao, Qaannat Kattuffiat, na hata leo hushindana kwa ufundi huo. Sisi mtepe twautazama kwa mifano katika makumbusho. Hao vijana ndio wastahiki kushika uongozi, na ujira wa kiongozi, si wa mchukuzi. Na manahodha wetu wa Lamu na Shela nao ni hivyo hivyo.

Nilipomweleza mzee haya, alinyamaza kitambo, akauliza kama babu yake, aliyekuwa baharia wa jahazi, angaliweza kuingia ndani ya kayaki. Nikamwambia angalipimwa kiuno kwanza.