Kikaushio Kwanza, Mashini ya Kuvuta Nyuzi Baadaye



Wakulima wanaotaka kuanza kufuga vidudu vya hariri wanatuomba mara mingi kitu kimoja: mashini ya kuvuta nyuzi. Sisi maagronomu tunaona ombi hilo linakuja mapema sana. Hariri inaharibika mbele ya kufika ku mashini.

Hariri ni protini, sawa vile ute wa yai. Kila mama anajua: ute ukipata moto unageuka, haurudi tena vile ulikuwa. Uzi wa hariri uko na protini mbili. Ya ndani, fibroini, ndiyo uzi wenyewe. Ya inje, serisini, ni gundi, karibu robo ya uzito. Kazi yote ni kulainisha gundi bila kuumiza uzi.

Kidudu anakula majani ya mforosadi karibu mwezi mzima, na jamaa yote inabeba majani asubuhi na jioni. Akiisha kujifunga mu kifukofuko, tuko na siku kumi hivi tu mbele kipepeo atoke. Akitoka, anatoboa ukuta, na uzi uliokuwa mmoja wa karibu kilomita nzima hauvutiki tena. Basi sherti kidudu auawe kwa joto. Wengi wanaanika vifukofuko kwenye jua kali juu haiombi franka. Sisi hatukubali. Jua kali linapunguza nguvu ya uzi, na mu masika ukungu unaingia. Moto wa makala chini ya bati nao unakaza gundi: siku ya kuvuta, maji ya moto yanashindwa kuilainisha na uzi unakatika kila mara. Kikaushio kizuri kinaanza na hewa ya moto wa digri 110 hivi, halafu inashushwa polepole mpaka 60.

Hapa kuna ugomvi pia. Kilo 10 za vifukofuko vibichi zikikauka zinabaki karibu 4. Mwanamemba asiyejua hiyo atasema mpima mizani ameiba. Tupime mara mbili, mwenyewe akiwa pale, na tuandike mu daftari.

Halafu kuna kuchemsha ili gundi itoke. Nusu saa mu maji yanayochemka na soda kidogo inatosha. Wengine wanaacha saa mbili ili uzi uwe laini zaidi. Ni kweli unakuwa laini mkononi, lakini soda imeanza kukatakata fibroini, na uzi ukivutwa unakatika. Kazi ya mwezi inapotea mu sufuria moja! Na kama munatumia sabuni, maji ya Ziwa Kivu yako na magnezi mingi na sabuni haitoi povu vizuri. Heri maji ya mvua.

Kuna wanaosema yote inatoka ku mbegu. Mbegu ni ya maana, hatukatai. Lakini mwaka 2002, Shao na Vollrath walionyesha kitu cha kushangaza: walivuta uzi moja kwa moja kutoka ku kidudu. Wakivuta mbio, uzi ulikuwa na nguvu zaidi lakini haunyooki sana; wakivuta polepole, ulinyooka zaidi lakini nguvu ilipungua. Mbegu ileile, majani yaleyale. Wakulima wa kahawa wa Kivu hawatashangaa: wanajua namna kahawa ya shamba moja inaachana, ile iliyomenywa siku ileile na ile iliyolala mu gunia.

Kwa hiyo, koperative yenye franka kidogo inunue kikaushio, termometa mbili, mizani na tanki la mvua. Iuze vifukofuko vikavu kwa misimu miwili, ndipo izungumze juu ya mashini. Na mnunuzi anayetaka bei moja kwa vyote, muchagueni vizuri mbele afike: vilivyotobolewa vinasokotwa sawa pamba, viko na bei yao.