Chupa ya Maji na Mtoto Mahututi

Kina mama wa Kalya, Buhingu na Sunuka wanaijua safari ambayo madaktari wengi wa mijini hawaijui. Mtoto anashikwa na homa kali usiku. Ifikapo alfajiri pumzi zinamwenda mbio, viganja vimekuwa baridi, naye akiitwa haitiki. Boti inasubiriwa. Ziwa likikubali, mama na mtoto hufika Kigoma baada ya saa nyingi. Likikataa, hukaa ufukoni wakilitazama. Na mtoto huyo afikapo mbele ya mganga, hatima yake aghalabu hukatwa katika saa ya kwanza, tena na mtu ambaye si bingwa wa kitu chochote: tabibu wa zahanati au muuguzi wa zamu.

Tunaanza na picha hiyo kwa sababu siku hizi yanasemwa mengi juu ya mabingwa wa tiba ya watoto mahututi. Wananchi wana haki ya kuuliza bingwa wa namna hiyo anaufaa nini mkoa kama huu wetu. Jibu linalotoka upesi ni mashine: vitanda vya umeme, mitambo ya kupumulia, vyumba vyenye milango ya vioo. Sisi hatuzidharau mashine. Lakini kazi ya Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto wa Chuo cha Imperial cha London ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amefanya kazi Kilifi, pwani ya Kenya, inatoa jibu jingine, nalo linaugusa ufuko wa Tanganyika kuliko mitambo yote.

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu haimfikii vizuri viungoni atiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Mafundisho hayo yalitoka katika nchi tajiri, ambako mtoto akizidiwa kuna mashine ya kumpumulia. Katika hospitali zetu mashine hiyo haikuwapo. Je, maji yale yalikuwa yanafaa? Hakuna aliyekuwa ameuliza sawasawa. Maitland pamoja na Profesa Sarah Kiguli wa Makerere, mwalimu wa madaktari wa watoto wa Uganda, waliuliza. Walishirikiana na madaktari wa hospitali sita: Kilifi huko Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor huko Uganda, na hospitali ya Teule, Muheza, hapa kwetu Tanzania, ambako Daktari George Mtove alikuwa miongoni mwa watafiti.

Tangu mwaka 2009 hadi Januari 2011 watoto 3,141 waliingizwa katika utafiti huo. Wengine walipewa maji kwa haraka, wengine wakapewa ya kiasi, taratibu. Watafiti wenyewe walitarajia kwamba maji ya haraka yangeokoa maisha. Ikawa kinyume. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, walikufa kama 10 au 11 ndani ya saa 48. Katika kila 100 waliopewa taratibu, walikufa kama 7. Kamati ya usimamizi iliamuru utafiti usimamishwe kabla ya kutimiza idadi iliyopangwa, na matokeo yakatangazwa mwaka huo huo wa 2011.

Msomaji naomba akae kidogo na tarakimu hizo. Dawa yenyewe ilikuwa maji na chumvi, kitu cha bei ndogo, kitu ambacho kila mmoja wetu alikiona kuwa ni huruma tupu. Mwandishi wa safu hii, alipokuwa mtoto, aliwahi kusimama katika zahanati moja ya ufukoni akimshikia mdogo wake chupa ya dripu, kwa kuwa msumari wa kuitundikia haukuwapo. Aliambiwa ainyanyue juu zaidi ili maji yaende mbio. Mkono ulimuuma lakini hakuushusha. Mdogo wake alipona, na kwa kupona kwake tukaamini wote nyumbani kwamba yale maji ya mbio ndiyo yaliyomponya. Waliokufa hawarudi kutoa ushahidi wao. Ndiyo maana ilibidi wahesabiwe watoto zaidi ya 3,000, wa pande zote mbili, ndipo ukweli ukaonekana.

Wapo mabingwa wa Ulaya na Marekani waliosema kwamba jambo hilo ni la Afrika tu, kwa sababu watoto wetu wana malaria na upungufu wa damu. Uchambuzi ukaonyesha kuwa madhara yalikuwapo kwa wenye malaria na wasio nayo, kwa wenye upungufu wa damu na wasio nao. Mwaka 2013 watafiti walieleza zaidi kwamba wengi wa watoto hao hawakufa kwa kuzama katika maji, kama ilivyodhaniwa, bali kwa moyo na mzunguko wa damu kuanguka. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliorekebishwa mwaka 2016. Miaka mitano! Kama ushahidi ungetoka London kwenda Kilifi, badala ya kutoka Kilifi kwenda London, sidhani kama ungekaa njiani muda wote huo.

Sasa hapa pana hatari, nasi hatuna budi kuitaja waziwazi, kwani elimu nusu yaweza kuua kama ujinga. Utafiti ule haukuwahusu watoto wenye kuhara na kutapika, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto wa kipindupindu amekauka. Huyo maji anayataka, tena upesi. Watu wa Kigoma hawahitaji kuelezwa kipindupindu ni nini. Mei 2015 makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walikimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na MV Liemba ikawa inawaleta mjini kwa zamu. Ugonjwa ukalipuka; kufikia mwishoni mwa mwezi ule wagonjwa walikuwa kama 3,000 na waliofariki zaidi ya 30. Vifo vingekuwa vingi zaidi lau si maji ya chumvi na sukari yanayonywewa kwa kikombe. Hilo nalo tulilirithi kwa daktari wa watoto, hayati Dilip Mahalanabis wa India. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bengali, alipoishiwa chupa za mshipa aliwapa ndugu za wagonjwa maji hayo wawanyweshe wenyewe, na vifo vikashuka kutoka kiasi cha 30 katika kila wagonjwa 100 hadi kama 4. Huyu ni daktari aliyemgeuza mama kuwa muuguzi, na mapipa ya maji kuwa hospitali.

Basi muuguzi wa Mwamgongo anatakiwa kuwatofautisha watoto wawili ambao kwa macho ya haraka wanafanana: wote baridi, wote wamelegea. Mmoja ajazwe maji, mwingine apewe kwa kiasi. Hapo ndipo ualimu unapokuwa tiba. Kabla ya utafiti wa Maitland na Kiguli kuanza, wafanyakazi wa hospitali zile sita walifundishwa kumtambua mtoto mahututi tangu mlangoni: kumtanguliza mbele ya foleni, kumpa hewa ya oksijeni, kupima sukari ya damu, kutuliza degedege. Vifo katika hospitali hizo vikawa pungufu ya vilivyotazamiwa, na watafiti wenyewe walitaja mafunzo hayo kuwa huenda ni moja ya sababu. Jambo hili halikupata vichwa vikubwa vya habari kama lile la maji. Kwa maoni yetu lina uzito sawa.

Chuoni Ujiji, tulikosoma juzuu, aliyehitimu sura alikabidhiwa mdogo wake amfundishe, naye mwalimu alipita na kusikiliza. Tena hukuachwa hivyo hivyo: ulidurusu. Usipodurusu ulisahau, hata uwe na akili namna gani. Mafunzo yetu ya kazini hayana kudurusu. Muuguzi huitwa semina siku mbili, hupewa daftari na posho, hurudi kituoni. Baada ya mwaka huhamishwa, na maarifa yanahama naye.

Sisi makada nasi tuna sehemu yetu ya lawama. Tunapenda jengo, kwa kuwa jengo lina utepe wa kukata na jiwe la kuwekwa. Tangu chama cha TANU kilipoelekeza huduma za afya vijijini miaka ya 1970, zahanati zimejengwa kwa wingi, na hilo ni la kujivunia. Lakini elimu ya muuguzi haina utepe, na katika vikao vya madiwani sijamsikia mtu akiiulizia kwa ukali anaoulizia bati na saruji.

Mtu aweza kusema kwamba utafiti ule ulilipiwa kwa fedha za Uingereza na kuongozwa kutoka chuo cha Uingereza. Ni kweli, na inapasa ituume. Lakini majina mengi katika orodha ya waliouandika ni ya wana wa Afrika Mashariki, na swali lenyewe lilizaliwa katika wodi zetu. Tutakapoanza kuyalipia maswali yetu wenyewe, tutachagua pia lipi liulizwe kwanza.

Kwa sasa yapo mambo ambayo halmashauri za Uvinza na Kigoma zaweza kuyadai bila kusubiri mfadhili. Katika kila zahanati ya ufukoni, ni wafanyakazi wangapi waliofundishwa mwongozo wa 2016, na lini waliudurusu mara ya mwisho? Mzani wa kumpima mtoto, ambao bila yake kiasi cha maji hakijulikani, upo na unafanya kazi? Kipimo cha sukari kina vijiti vyake? Na boti ikitoka Kalya na mtoto mahututi, nani anapigiwa simu ili awe gatini kabla haijatia nanga?

Madiwani waje na majibu ya vituo vya kata zao, kituo kwa kituo.